Stesheni Juu ya Meza

Inspekta Chadia alianza na vumbi.

Meza ilikuwa imeundwa kama sanduku. Juu kulikuwa na mbao tano zilizobeba stesheni nzima ya Likasi, na chini yake uwazi wa kina cha mkono mmoja. Alinyanyua ubao wa nne taratibu, akamulika tochi ndani. Pale ambapo polisi walikuta kebo ya shaba ya reli, Jumanne, baada ya kupigiwa simu isiyo na jina, palikuwa na alama ya duara, upana wa gurudumu la baiskeli. Aligusa katikati ya duara kwa kidole, kisha akagusa nje yake.

"Hervé, kuya uangalie. Vumbi liko wapi?"

Brigadier Hervé aliinama, kofia mkononi. "Liko fasi yote, Inspecteur. Chini ya kebo limekandamizwa tu."

"Kwa hiyo vumbi lilitangulia, kebo ikafuata. Dossier ya kesi inasema Papa Placide, mwenye hii meza, anaficha shaba humu tangu Pasaka. Kama kebo ingekuwa humu tangu Pasaka, chini yake pangekuwa safi. Andika: siku mbili au tatu, si zaidi."

Hervé aliandika. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi. Saa tisa alasiri saa arobaini na nane za mahabusu zingekwisha, na Commandant alikwisha kusema kwamba dossier itakwenda parquet, kwa mwendesha mashitaka, pamoja na mtu wake. Mzee wa miaka sitini na tisa mwenye ugonjwa wa sukari angeingia gerezani kungoja kesi, na kesi za shaba zilingojwa miezi. Wengine walitoka huko wakiwa wamebebwa.

Chadia alirudisha ubao, akasimama kuitazama kazi yenyewe. Ukumbi huu wa mtaa wa Panda ulikuwa zamani mahali pa wafanyakazi wa mgodi kunywa bia na kucheza karata. Sasa palikuwa na stesheni ya mwaka 1993, siku zile Wakasai walipofukuzwa mjini na kukaa kwenye reli wakingoja treni ya kuwarudisha kwenye nchi ya babu zao, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona; baadaye baadhi walirudi Likasi. Reli zilikuwa spoki za baiskeli. Mabehewa yalikuwa makopo ya sardini. Nyaya nyembamba zilizopita juu zilitoka kwenye mota ya feni iliyoungua, na feni yenyewe ilikuwa bado pembeni, tumbo wazi. Na watu walikuwa wa udongo wa kichuguu, wafupi kama njiti ya kiberiti, karibu elfu moja. Wamebanana kwenye jukwaa, chini ya saa, kwenye ngazi, katikati ya njia, na magodoro yao, sufuria zao na cherehani zao.

"Bananiangalia bote," alisema Hervé. "Mi siwezi kulala mu nyumba yenye hii kintu."

"Hakuna aliyekuomba ulale," ilisema sauti ya mwanamke kutoka mlangoni.

Alikuwa Mama Philomène, mke wa Placide, na thermos kwapani. Alikuwa anatoka kumpelekea mumewe chai isiyo na sukari.

"Mama, ni banani banaingiaka humu?" Chadia aliuliza.

"Bantu bote. Mulango haina kifungulo. Batoto ba masomo, bamama ba soko, bazee ba reli. Banakuya kujitafuta."

"Kujitafuta vile namna gani?"

"Placide anauliza kila muntu: siku ile ulikuwa unasimama wapi, na nani karibu yako? Kisha anamufinyanga pale. Siku ya posho tulipashwa kuipeleka ku salle ya paroisse, pale kanisani, bantu bote baione, na kila muntu aseme jina yake mbele ya benzake. Jumamosi. Keshokutwa."

"Jumatatu, kabla ya polisi kuja, alikuwa wapi?"

"Ku hôpital, juu ya sukari. Siku nzima. Minye naye."

"Uko na picha ya hii meza?"

Mama Philomène alitoa simu. Kila Jumapili baada ya misa alimpigia binti yake Sylvie, aliyekuwa Mbuji-Mayi, akamtumia na picha pia. Chadia aliweka picha ya Jumapili sambamba na picha ambazo Hervé alipiga Jumanne kabla ya kitu chochote kuguswa. Alizipitia kipande kwa kipande, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayesoma.

Kwenye ubao wa nne, watu saba walikuwa wamebadilishana nafasi. Hilo alilitegemea, aliyeficha kebo alilazimika kuwatoa na kuwarudisha. Lakini palikuwa na kitu kingine. Mahali ambapo njia ya nne ilijitenga na njia kuu palikuwa na aiguille, vile vipande viwili vya reli vinavyosogezwa ili treni ibadili njia, na mshipi mdogo wa kuvisogeza. Jumapili aiguille ilielekea njia ya nne. Jumanne ilielekea njia kuu, na msumari usiozidi punje ya mchele ulikuwa umechomekwa kwenye tundu lake, kuifunga.

"Askari balipiga meza na kiwiko," alisema Hervé.

"Kiwiko hakichomeki msumari."

Pembeni ya aiguille alisimama mtu wa udongo mwenye kibendera chekundu. Chadia alimwinamia. Meza yote ilijaa watu hadi pa kuweka kidole pakakosekana, lakini yule alisimama peke yake.

"Huyu ni nani, Mama?"

"Léon. Rafiki ya Placide. Alikuwa aiguilleur, muntu wa kufungua njia."

"Na hakuna aliyekuja kusema: nilisimama karibu ya Léon?"

Mama Philomène alifikiri. "Apana," alisema. "Hata moya."

*

Mzee Dunia alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu mtaa wa Kikula, nyuma ya soko. Alimwona Chadia akija, akafunika mizani kwa gunia.

"Salaam aleikum, mutoto ya Ramazani! Baba yako alikuwa dereva, weye unakamata badereva. Kisha leo unakuya kwa Dunia?"

"Aleikum salaam, baba mudogo. Sikukuja juu ya ile gunia. Angalia hii picha ya kebo."

Dunia aliisogeza simu mbali na macho. "Mi sinunuake shaba ya reli. Njo vile uandike."

"Siandiki kitu. Sema tu: muntu akikuletea hii, utamuona ni mwizi?"

Dunia alicheka kwa pua. "Mwizi gani? Mwizi anakata vipande vya mukono moya moya, anatia mu mufuko ya makaa, anapanda baiskeli. Hii ni muzima! Imekunjwa muzuri, imefungwa fasi tatu, kama zawadi ya ndoa. Hii haiko ya kuuzisha. Hii ni ya kuonwa." Aligusa kioo kwa ukucha mweusi. "Na mafundo yake unayaona? Ni ya dépôt, ghala ya reli. Balinzi ba pale njo banafungaka vile. Mi nafahamu."

"Unafahamu namna gani, kama hununuake?"

"Rudisha salaam kwa mama yako," alisema Dunia, akageuka.

*

Saa tano na nusu walimleta Placide ofisini. Alikuwa ameshika suruali kwa mkono kwa sababu mkanda walimnyang'anya. Alimsalimu kila mtu, hata askari aliyemsukuma.

Chadia alimpa kiti, akaweka picha mbili mbele yake.

"Papa, tafauti iko wapi?"

Mzee hakuhitaji dakika. "Aiguille ya njia ya ine. Nani alifunga?"

"Ni weye utaniambia. Kwanza: juu ya nini yako ilikuwa wazi?"

Placide alisugua magoti. "Mama Inspecteur, minye nilikuwa karani ya gare, ya stesheni. Sheria ya reli ni moya. Treni ikiisha kuingia mu njia ya pembeni, aiguilleur anarudisha aiguille ku njia kubwa, anaifunga. Haulizi muntu. Mukono inajua yenyewe. Ukimwamusha mu usingizi, atafunga kwanza kisha aulize saa ngapi."

"Lakini weye uliiacha wazi."

"Ndiyo."

"Sababu?"

Alijibu akiitazama picha, si Chadia. "Siku ile balisukuma wagon zetu mu njia ya ine. Njia ile haina mwisho wa kutokea, inagonga ukuta. Aiguille ikafungwa. Kesho yake locomotive ikakuya kutukokota, lakini iliikuta imefungwa na kufuli, na kifungulo haionekane. Siku mbili, Mama. Bantu mia ine mu wagon za chuma, mu jua, surua imeingia mu batoto. Kisha balipata muntu wa kukata kufuli." Alitikisa kichwa. "Mutoto wetu Providence alikufwa siku ya pili, mangaribi. Alikuwa na miaka ine. Sasa meza ni yangu, sivyo? Ku meza yangu nilisema, apana. Huku aiguille itabaki wazi. Locomotive iingie, batoke."

Hervé aliacha kuandika. Chadia alimwonyesha karatasi kwa kidole, akaendelea.

"Kifungulo alikuwa nayo nani?"

"Léon njo alikuwa wa zamu. Aliniambia chef ya gare alimunyang'anya, akakimbia nayo. Masikini Léon, anasema alisimama pale siku mbili anatafuta. Njo maana nilimufinyanga pale na bendera yake."

"Ba-aiguilleur ba wakati ule, bangapi bangali wazima hapa?"

"Batatu. Aruna, lakini macho yake yalikufwa, mwaka wa kumi sasa. Souleymane, iko Kolwezi kwa mutoto yake tangu Pasaka. Na Léon."

Chadia alipiga simu Kolwezi mbele yake. Souleymane aliitika mwenyewe, jogoo akiwika nyuma yake, akampa simu mkwewe, ambaye alithibitisha. Kisha alimtuma askari nyumbani kwa Aruna, ingawa alijua jibu. Jibu lilirudi baada ya nusu saa: mzee Aruna alikuwa ameketi uani, anashikwa mkono hata kwenda chooni.

Placide alikuwa akimfuata kwa macho. "Mama Inspecteur, unatafuta nini kwa Léon? Léon ananiletea majani ya dawa kila juma."

"Natafuta nani aliyefunga msumari, Papa. Kunywa chai."

*

Saa saba na robo Léon aliingia ukumbini akiwa na sare ya mlinzi wa dépôt. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kujaza chumba.

"Madame l'inspecteur! Polisi inanitafuta ku kazi mbele ya bote! Bibi yangu atasema nilioa wa pili na ananishitaki!"

"Tuliza roho, Papa Léon. Nataka mwalimu tu. Weye ni muntu wa reli, minye sifahamu kitu. Hii kebo banasema Placide aliiba, inapitaka wapi kwa kweli?"

Uso wake ulifunguka. "Ah, bon. Hii ni ya juu, ya kuleta moto ya umeme mu locomotive. Angalia hapa." Alionyesha nyaya za feni.

Chadia alikuwa amekwisha kutoa ule msumari na kuelekeza aiguille njia ya nne, vile ilivyokuwa Jumapili. Alimpa Léon kopo la sardini. "Treni ikipita hapa, moto inaifuata namna gani? Ipeleke mu njia ya ine, nione."

Léon alilichukua kopo kwa vidole vinene, akalisukuma taratibu juu ya spoki. "Unaona? Kile chuma cha juu kinasugua kebo. Kebo ikikatwa hapa, moto inakufwa mupaka kule. Njo maana bezi ba kebo banaua bantu." Kopo lilipita aiguille, likaingia njia ya nne, likagonga ukuta wa kadibodi. "Kwa Placide, sijui. Shaba inaharibu hata bantu bazuri. Umasikini, Madame." Mkono wake ulirudi nyuma. Ukucha ulivuta mshipi, vipande viwili vikarudi njia kuu, na kidole cha shahada kikauokota msumari pale Chadia alipouacha na kuuchomeka tunduni. "Nilimuambia mara ngapi, Placide, acha mambo ya zamani, ukamate kazi ya—"

"Papa Léon. Angalia mukono yako."

Alitazama. Kidole kilikuwa bado juu ya msumari.

Hervé alishusha simu aliyokuwa akirekodi nayo.

"Kila muntu wa kazi atafanya vile," alisema Léon, polepole.

"Ndiyo. Na ba kazi bamebaki batatu. Moya haone, moya iko Kolwezi." Chadia aliweka picha tatu mezani, moja moja: Jumapili, Jumanne, na mafundo ya kebo. "Jumatatu Placide alikuwa hôpital. Uliingia, ukatosha ubao wa ine, ukaweka kebo ya dépôt yenye mafundo ya dépôt. Ukarudisha bantu, ukakosea saba. Aiguille hukukosea. Kisha Jumanne ukatupigia simu bila kusema jina."

"Mi nataka Placide afungwe juu ya nini? Ni rafiki yangu!"

"Hukutaka Placide. Ulitaka hii." Alipiga meza kwa kiganja. "Polisi ikamate meza, Jumamosi ipite. Jumamosi bantu elfu moya bangesimama ku paroisse, kila muntu aseme nani alikuwa karibu yake. Na karibu yako hakuna muntu. Haukukuwa pale, Papa Léon. Kifungulo kilikuwa wapi?"

Léon alikaa kwenye kasha la bia. Sauti ile ya kujaza chumba ilikuwa imekwisha.

"Bale ba kufukuza Bakasai balikuwa banapiga mufanyakazi yeyote aliyewasaidia," alisema. "Niliona bamepiga muntu mupaka akakufwa, pale pa kivuko. Nilifunga, kama sheria. Nikatia kifungulo mu mufuko, nikaenda kwa yaya wangu, mukubwa wangu wa tumbo moya, kule Kambove. Nilisema nitarudi mangaribi. Nikaogopa. Kesho yake nikaogopa tena."

"Ulijua wagon zina bantu?"

"Nilikuwa nasikia batoto." Alifuta uso kwa kofia ya kazi. "Alinifinyanga pale na bendera, Madame. Ananiita nikuye nijione. Miezi tatu nakuya, najiona."

*

Saa nane na dakika arobaini dossier ilibadilika jina. Commandant aliisoma amesimama, akasema kebo ni kebo, mtu ni mtu, na akasaini. Placide alirudishiwa mkanda na viatu. Mama Philomène alimfungia kamba za viatu, akamchoma sindano yake ya sukari hapo hapo kwenye benchi.

Chadia angeweza kumwacha aende bila kumwambia. Lakini karatasi ya mashitaka ilihitaji saini yake, na jina lilikuwa limeandikwa juu.

Mzee aliisoma yote, akaisoma tena. Hakuuliza juu ya kebo.

"Kambove," alisema. "Kwa miguu ni saa ngapi?"

"Sita, Papa. Muntu muzima."

"Sita kwenda, sita kurudi." Alihesabu kwenye vidole kama mtoto. "Alikuwa anaweza kwenda, apumzike, ale, alale usiku muzima, kisha arudi. Na angemukuta Providence angali anasema."

Kwenye korido walikuwa wanampitisha Léon, bila mkanda. Alisimama mlangoni. Askari alimsukuma, hakusogea.

"Placide. Niliogopa."

"Siye bote tulikuwa tunaogopa," alisema Placide. "Lakini siye tulikuwa ndani."

Wakampeleka. Mlango wa chuma ukajibamiza, na Mama Philomène, ambaye hakuwa amelia tangu Jumanne, alijifunika uso kwa kitenge.

Chadia alisogeza kalamu. "Papa, saini hapa. Ni ya kebo na ushahidi wa uongo. Ataenda parquet nayo."

Placide alisaini kwa mwandiko mzuri wa karani. Kisha akageuza karatasi, akatazama upande wa pili, akaigeuza tena.

"Na ya kifungulo," aliuliza, "nasaini wapi?"

Chadia alikuwa amelitegemea swali hilo tangu ukumbini. "Sheria haiko nayo tena, Papa. Miaka imepita mingi. Hakuna karatasi ya kifungulo."

"Hakuna."

"Hakuna, Papa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akashika ukingo wa meza ili anyanyuke. Chadia alifungua droo. Alitoa karatasi nyeupe isiyo na namba wala muhuri, ambayo hakuna parquet ingeipokea, akaandika tarehe juu, akaandika jina lake na cheo chake kama sheria inavyotaka, na chini yake jina la Placide.

"Hervé, funga mulango," alisema. "Kaa, Papa. Sema. Naandika."

Placide alibaki amesimama nusu, mkono mezani. Kisha akakaa.

"Tuliingia mu wagon bantu batano," alianza. "Mutoto alikuwa anaomba mayi ya kunywa."